Kiuno cha Baba Mkwe

Jeshi lilipoamua kupambana na vitambi, halikuanza na chakula. Lilianza na futi, ile laini ya kitambaa ambayo fundi cherehani hujivika shingoni. Askari anapimwa shingo, anapimwa kiuno usawa wa kitovu, shingo inatolewa kwenye kiuno. Kinachobaki kinatafutwa kwenye jedwali pamoja na urefu wake, na jedwali linasema mwili wake una mafuta asilimia ngapi. Hakuna mashine, hakuna sindano. Ni hesabu ya darasa la nne, ila ndiyo inayoamua nani apande cheo na nani arudi kwao.

Askari walielewa upesi. Kama shingo inatolewa kwenye kiuno, basi mwenye shingo nene ana nafuu. Kwa hiyo watu waliacha kukimbia wakaanza kunenepesha shingo. Nyuma ya mabweni ungewakuta wamejifunga kamba kichwani, kamba imening'iniza ndoo ya maji, wanainama na kuinuka kama mbuzi wanaokubali kila wanachoambiwa. Mpishi wa kambi, ambaye kichwa chake kilikaa juu ya mabega bila kupitia kokote, alifaulu bila kutoka jasho.

Mtu mmoja tu hakugusa ndoo. Huyo alikuwa sajini wa gwaride, ambaye makuruti walimwita Rula kwa sababu alipima kwa rula nafasi kati ya kitanda na kitanda. Alisema shingo aliyozaliwa nayo inamtosha. Alikuwa anangojea cheo cha sajini meja. Asipokipata mwaka huu, umri wake unamstaafisha, na nyumba ya kambini alimolelea watoto wake inapewa mtu mwingine. Kati yake na hicho cheo palikuwa na kitambi kidogo, kilichokaa juu ya mkanda kwa adabu.

Na mpimaji alikuwa mkwe wake mtarajiwa.

Alikuwa muuguzi mpya wa zahanati, ametoka chuoni juzi juzi, msichana wa sauti ndogo kiasi kwamba wagonjwa walimuuliza "Nini?" kabla hajasema kitu. Mchumba wake, mtoto wa sajini, alikuwa fundi umeme mji mwingine. Harusi ilikuwa imeshapangwa. Jumapili, alipokwenda kuwasalimia wakwe, mama mkwe alimvuta jikoni na kurudisha mlango.

"Mwanangu, ni wewe utakayempima mzee kesho?"

"Ndiyo, mama. Mwenzangu yuko likizo."

"Basi uvute."

"Nivute nini, mama?"

"Futi. Ukiivuta kidogo nyama inaingia ndani. Mimi nimeshona magauni ya watu, najua. Hujamdhulumu mtu, umevuta tu."

"Siwezi, mama."

"Kwani nimesema uvute sana?"

Asubuhi foleni ilianzia mlangoni mwa zahanati ikaishia kwenye bomba la maji. Ndani, daktari, kapteni mwanamke mwenye miwani, aliketi dirishani na mafaili yake. Koplo aliyeandika alikaa na jedwali mbele yake. Wanaume walivua mashati na kuleta maneno.

"Dada, mikono yako ya baridi!"

"Nyamaza wewe, umeshikwa na mtu leo ushukuru," mwenzake akadakia.

Sajini alipoingia, maneno yakaisha. Alivua shati, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kiti, akasimama wima. Msichana hakuwahi kumwona bila vifungo kufungwa hadi shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Hapa mimi ni sajini," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Marahaba."

Shingo ilipimwa bila tabu. Kiuno ndicho kilichokuwa na kazi. Ili umzungushie mtu futi kiunoni lazima usogee mpaka uwe karibu kumkumbatia, halafu uende nyuma yake uhakikishe futi imelala sawa kama mkanda, haijapinda wala kulegea. Chuoni walifundishwa hivyo. Lakini chuoni aliwapima wanafunzi wenzake, hakuwa amempima mtu ambaye karibuni atamwita baba mbele ya ukoo mzima. Alinyoosha mikono yote kama anayemvalisha shada fahali, akaidaka ncha ya futi nyuma kwa kubahatisha, akageuzia uso ukutani kwenye picha ya mbu. Namba aliisoma kwa pembe ya jicho. Kanuni inataka upime mara tatu, naye alipima mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja, kwa sababu na aibu ilikuwa ile ile.

"Sentimita mia na moja," akasema.

"Nini?" koplo akauliza.

"Mia na moja."

Koplo alipitisha kidole kwenye jedwali. Hakupenda alichokiona. "Asilimia ishirini na nane. Kwa umri wa sajini mwisho ni ishirini na sita."

Hakuna aliyecheka. Sajini alikunjua shati lake, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. "Kipimo ni kipimo," akasema, akapiga saluti, akatoka.

Aliyefuata alikuwa dereva wa lori. Msichana alimzungushia futi, akapita nyuma yake kama kawaida, akaikuta imeteremka hadi kwenye suruali. Akaipandisha, akaibana mpaka ikagusa ngozi, na namba ikashuka. Hapo mikono yake ikawa ya baridi kweli. Kwa sajini hakupita nyuma. Futi iliyopinda na kulegea ni ndefu kuliko kiuno chenyewe. Heshima yake ilikuwa imemwongezea mzee kitambi.

Akamwendea daktari. "Afande, sajini nimempima vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Sikuzunguka nyuma."

"Kwa nini hukuzunguka?"

Akatazama viatu vyake. "Ni baba mkwe wangu."

Koplo alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Nje kicheko kilipita foleni nzima, mtu akimpasia mwenzake. Daktari hakucheka. "Mrudisheni," akasema.

Sajini alirudi uso umekaza. "Nimeshapimwa, afande. Mara tatu."

"Utapimwa ya nne."

Sajini akamgeukia msichana. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, baba." Ilikuwa kweli, lakini alikumbuka jikoni, na masikio yakamchoma.

"Sajini," daktari akasema, "vua shati. Ni amri."

Neno hilo hakuwahi kubishana nalo. Shati likakunjwa tena mara nne. Safari hii msichana alipita nyuma, akainama, akailaza futi sawasawa, karibu shavu lake liguse mgongo wa mzee. Aliporudi mbele alikuta tumbo limekua. Sajini alikuwa ametazama mbele kama yuko kwenye gwaride, na tumbo amelisukuma nje kwa nguvu zake zote.

"Baba, usitoe tumbo."

"Kanuni inakataza kulivuta ndani. Kulitoa nje haijakataza."

"Mia na tano," koplo akachungulia, amefurahi sana.

"Legeza, baba."

"Nimelegea."

"Hujalegea. Unatetemeka."

"Sitaki kubebwa na mkwe mimi!"

Msichana akajua kuwa huyu atasimama hivi mpaka jioni. Kumwamrisha hawezi. Akaishika futi kwa vidole viwili, akafikiri, akasema polepole:

"Baba, mwanao ameniambia siku ya harusi atavaa jinzi."

Mchumba wake alikuwa amelisema hilo kwenye simu, ingawa kwa utani.

"Atavaa NINI?"

Pumzi yote ilitoka na hilo neno, na tumbo likarudi kukaa mahali pake.

"Tisini na nane," msichana akasema.

"Mtoto niliyemfundisha kupiga pasi akiwa na miaka sita!"

"Tisini na nane."

"Jinzi! Mbele ya wageni!"

"Tisini na nane."

Koplo alishusha kidole kwenye jedwali, akakirudia. "Ishirini na sita. Amepita."

Kambi nzima iliamini kwamba sajini amebebwa. Kabla ya saa ya chakula foleni ilikuwa imejaa wakwe. "Mkwe, habari za nyumbani?" fundi wa magari akamwambia, akimwonyesha tumbo. Mwingine alisema ana mtoto wa kiume yuko chekechea, je, hawezi kumngojea kidogo? Msichana aliwapima wote akipita nyuma ya kila mmoja, na wote wakapata walichostahili, na wote wakalalamika kwamba yeye ni mkali kwa watu baki.

Jioni aliitwa kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa amepika kana kwamba harusi ni leo. Sajini alikula sahani ya kwanza, akala ya pili.

"Ongeza mboga, mwanangu," mama mkwe akamwambia msichana. "Mimi nilijua tu. Nikasema, huyu mtoto ana huruma, atavuta."

Sajini akaweka kijiko chini.

"Atavuta nini?"

Mama mkwe alikumbuka sufuria jikoni, lakini alikuwa amechelewa kukumbuka.

"Sikuvuta, baba," msichana akasema.

"Lete futi ya cherehani," sajini akamwambia mkewe.

Ilikuja. Alisimama katikati ya sebule, akainua fulana. Msichana akapita nyuma, akailaza sawa, akarudi mbele. Akasoma, akasoma tena.

"Sema."

"Mia, baba."

"Mia!" Mama mkwe akapiga makofi. "Si unaona? Alikubeba! Mshukuru mtoto wa watu."

Sajini alishusha fulana kama mtu anayeshusha bendera. "Kesho nakwenda kwa daktari," akasema. "Cheo wampe mwingine."

"Baba, umekula," msichana akasema, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ikaisikia sauti yake vizuri. "Umekula sahani mbili. Tumbo la mtu jioni si la asubuhi."

"Kwa hiyo changu ni kipi?"

"Cha asubuhi. Kabla ya kula. Kanuni ndiyo inavyosema."

"Kanuni inasema hivyo?"

"Ukurasa wa kwanza, baba."

Sajini alimkazia macho, yale yaliyoliza makuruti. Msichana hakutazama viatu. Mzee akavuta pumzi, akarudi kwenye kiti.

"Na ya jioni?" akauliza. "Kanuni inasemaje kuhusu jioni?"

"Haisemi kitu."

Akamsogezea mkewe sahani. "Basi ongeza."

Jikoni, mama mkwe alipakua huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Msichana alipomfuata kuchukua sahani, akamnong'oneza, "Mwanangu wewe! Hiyo ya ukurasa wa kwanza umeitungia wapi?"

Msichana akafungua mdomo kumweleza kwamba imeandikwa kweli. Kisha akasikia mzee kule sebuleni amempigia mwanawe simu, anamfokea juu ya ile jinzi. Akachukua sahani, akaipeleka.