Karatasi Ndani ya Boksi la Tanuri

Duka langu la mtandaoni halikuwa na rafu wala ghala. Katalogi ya Stoil, muuzaji wa jumla, bidhaa za Stoil, ghala la Stoil kule mjini Gabrovo. Mteja akiagiza kwangu, oda inakwenda kwake, naye anatuma mzigo wenye jina la duka langu. Kazi yangu ilikuwa kuwapata wateja, na kwa ajili ya kazi hiyo niliacha cherehani ya kiwandani baada ya miaka kumi na minne. Stoil ndiye aliyesimamia ndoa yetu, tena ndiye aliyemshika binti yangu ubatizoni. Mtu kama huyo ukimshuku, utamwamini nani?

Katalogi yake ilikuwa kavu. "Tanuri la mezani, lita thelathini na nane, wati elfu moja mia tatu," basi. Nani ananunua wati? Mama yangu alikuwa na tanuri hilohilo jikoni. Nikaipiga picha mikono yake ikitoa banitsa, ule mkate wetu wa matabaka ya jibini, nikaandika: "Chini haiungui, juu inatoka rangi ya asali." Matanuri yakaanza kuondoka. Mama alifariki vuli ile, picha nikaiacha palepale.

Mwezi wa pili wateja wakaadimika. Nikasema labda ni baridi. Siku moja nimepanga foleni kwenye ofisi ya vifurushi, nachukua viatu vya binti yangu, na mbele yangu jirani yetu bibi Dafina anafungua boksi. Kwetu hakuna mjinga wa kulipa kabla ya kukagua. Nikaliona tanuri, nikajiona mtu.

"Rumyana, si la dukani kwako hili?"

"La kwangu, bibi. Likague vizuri, usinionee haya."

Akapapasa pembe, akafungua mlango, akatoa karatasi. Akaisoma kwa sauti, maana yeye husoma kila kitu kwa sauti: "Mteja mpendwa, mara nyingine agiza kwetu moja kwa moja, kwa bei nafuu." Lilikuwa tangazo la duka jipya la mtandaoni, la Stoil mwenyewe. Chini yake maneno yangu, na ile rangi ya asali, na picha ya mikono ya mama, pete ikionekana.

"He! Hii si mikono ya marehemu Genoveva?"

Niliondoka bila kuchukua viatu vya mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, lakini sikujua kinauma hivi. Nikampigia simu palepale barabarani.

"Stoil, umetia karatasi kwenye mizigo yangu?"

"Mizigo yako ipi, mwanangu? Ghala langu, boksi langu."

"Wateja ni wangu! Na mama yangu je?"

"Aa, picha tu ile. Nzuri, watu wanaipenda." Akacheka. "Jumapili mnakuja, sivyo?"

Jumapili hiyo ndiyo ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima. Mdogo humwendea mkubwa, na wanandoa humwendea msimamizi wao wakambusu mkono.

"Twende tu," mume wangu Nedko akanisihi. "Watu watasema."

"Waseme! Mimi ndiye niliyeibiwa."

"Na mtoto? Yule ni baba yake wa ubatizo."

Nikaenda. Sebule imejaa wageni, Stoil amekaa mahali pa heshima. Nedko akabusu mkono, ikafika zamu yangu. Nikainama, nikabusu.

"Nisamehe," nikasema, maana ndivyo isemwavyo.

"Umesamehewa, mwanangu!" akajibu kwa sauti ya kufika jikoni. Kisha akaninong'oneza: "Na kelele zako za juzi pia, nimekusamehe."

Alikuwa anamaanisha. Machoni pake mkosaji nilikuwa mimi. Nikabaki nimesimama, nangoja na yeye aniombe. Akanipita kwa macho, akamnyoshea mkono mgeni aliyefuata.

Kesho yake asubuhi nilifuta bidhaa zake zote dukani, moja baada ya nyingine, mpaka likabaki jina tu. Nedko akauliza sasa nitauza nini. Nikamwambia sijui, ila mkono ule siubusu tena.