Krenki ya Kushoto

Wapanda baiskeli wa mji wa milimani wa Arcabuco walimwamini fundi Eliécer Sanabria kuliko padri wao, maana padri hakukabidhiwa breki za mtu. Basi siku ya kuamkia mashindano, bintiye Marleny aliingia karakanani akisukuma baiskeli yake, uso ameukunja.

"Bado inalia, Baba. Tik, kila nikikanyaga."

"Cheni nimebadilisha, grisi nimepaka. Inalia wapi tena?"

"Kwani wewe husikii?"

Eliécer akajikuna kidevu. Tangu Krismasi masikio yalikuwa yakimtoroka. Sauti nzito alizipata, nyembamba zikampita. Hakumwambia mtu, kwa woga na kwa kiburi, na kiburi ndicho kilichozidi. Nani atampelekea kazi fundi kiziwi?

"Zunguka uani, nisikilize," akasema, akafumba macho na kuinamisha kichwa.

Marleny akazunguka akikanyaga kwa nguvu. Kisha, akimtazama baba yake, akafunga breki na kusimama katikati ya ua, mguu mmoja chini.

"Mlio huo hapo," Eliécer akasema, macho bado kayafumba. "Nausikia. Uko gurudumu la nyuma."

"Baba, nimesimama."

Akafumbua macho. Aibu ilimchoma mpaka shingoni.

"Tangu lini?" Marleny akauliza.

"Krismasi."

"Na Jumapili nilishuka mlima mzima, wewe ukiwa umeniambia imenyamaza."

"Nilidhani imenyamaza."

"Ulidhani."

Eliécer akaisogeza baiskeli ukutani. Alimwambia Marleny apande, aegemee ukuta, ashike breki, akanyage upande mmoja mmoja. Yeye akapiga magoti na kubana taya kwenye bomba la fremu, ili mtetemo umfikie kwa mfupa. Kulia, kimya. Kushoto, kitu kikamgonga kwenye meno. Akafungua pedeli, akafuta krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, kwa kitambaa, na penye tundu la pedeli palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Siku zote masikio ndiyo yaliyomwambia macho pa kutazama. Safari hii hayakumwambia, naye hakutazama.

Alifunga krenki nyingine. Marleny akazunguka ua, akarudi.

"Imenyamaza. Mimi ndiye ninayekwambia." Akazitazama ndoano za ukutani za kutundikia baiskeli, zote tupu. "Wiki hii umewarudishia watu wangapi baiskeli zao?"

"Wote wanaoshindana."

"Na kesho wote wanashuka mlima."

"Nitawapigia simu. Nitasema kuna nati nimesahau kukaza."

"Na mwezi ujao utasema umesahau nini?"

Eliécer akavaa blanketi lake la begani, akatoka. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Hermencia, jirani yake, mama yake Wilmer. Alifungua akicheka, mikono imejaa unga wa mahindi.

"Don Eliécer, umenusa mikate yangu?"

"Wilmer asiipande ile baiskeli mpaka fundi mwingine aikague."

"Kwani ina nini?"

"Sijui ina nini. Sisikii, Hermencia. Masikio yamekufa."

Hermencia akaacha kucheka. Ingawa alikwishajibiwa, akalirudia swali lake kwa kelele, kama tunavyowafanyia viziwi wote: "NAULIZA, BAISKELI INA NINI?"

Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akatoa kichwa dirishani. Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Eliécer aliwaona wote, na mtaa ulikuwa na milango mingi bado.

"Nimesema sisikii," akajibu, kwa sauti kubwa kama ya Hermencia.