Kapsirgoi Imesema Obure Alitoroka

Nyaberi alikuwa akiosha aproni yake ya kuchumia majani chai kwenye mfereji wa kambi, nyapara Kipkurui alipomletea jibu kuhusu mumewe.

"Mama Bitutu, Kapsirgoi imesema mzee alitoroka kazi."

Kapsirgoi ni kilima. Ofisi ya shamba ilikuwa juu yake, basi hakuna aliyetaja ofisi, sembuse meneja. Kapsirgoi iliajiri, Kapsirgoi ilifuta. Sasa mtu atagombana vipi na kilima?

"Obure alienda kupiga dawa," Nyaberi akasema. "Anatoroka aache viatu kwa nyumba?"

Kipkurui akafunga mfereji, ingawa ndoo haikuwa imejaa.

Mke wa mtoro si mjane: hanyoi nywele wala hakai matanga. Nyaberi alikuwa amemeza kilio tangu mvua kubwa ianze, Obure alipokosa kurudi.

Jioni hiyo kilima chenyewe kikaja. Kilipita kando ya kiwanda kikiwa na mikaratusi yake, kikaketi kati ya choo na kamba ya nguo. Nyaberi akaanua shuka zisichafuke.

"Mimi sijasema kitu," kilima kikasema. "Mume wako niko naye. Walimzika nyuma ya ofisi na pampu yake ya dawa."

Nyaberi akaegemea udongo ule akalia kwa sauti. Majirani wakaja na uji. Gesare wa nyumba ya pili akamnyoa.

Kesho yake ofisi ilikuwa ikining'inia hewani. Makarani walipanda kwa ngazi ya kupakia rangi, na simu ililia kama kawaida. Nyaberi akaomba ruhusa ya kuchimba, ampeleke Obure akazikwe kwao Nyamira. Kipkurui akashuka na jibu: udongo ule ni mali ya Kapsirgoi, usiguswe.

"Si Kapsirgoi ndio hii, imekaa hapa kwangu?"

"Naiona, mama. Lakini imekataa."

Kwa sheria ya shamba, mtoro huitwa jina hadi mwaka uishe. Kwa hiyo kila asubuhi, wachumaji wakiwa wamejipanga na vikapu, Kipkurui huita, "Obure!"

"Niko!" sauti hujibu kutoka ndani ya kilima.

Wote huisikia. Nyaberi hutazama chini. Kipkurui huvua kofia, kisha husema, "Hayuko," na kumwita anayefuata.