Mtambo Usio wa Gongo

Mume wangu Yunus ana kipaji cha kuniudhi, na mwaka huu alikitumia chote.

Mimi nakaanga samaki Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Sato, sangara, na vichwa kwa wanaopenda vichwa. Mafuta yakishakuwa meusi, Yunus huyachukua, akayachanganya na methanoli, ile spiriti ya viwandani, na kostiki soda kwenye pipa nyuma ya nyumba, akapata dizeli ya kuendeshea mashine yake ya kusaga iliyoko Kisesa. Hilo nilishalizoea. Hata wateja wake wa Kisesa wamelizoea, maana mashine ikinguruma inatoa harufu ya chipsi na hakuna anayelalamikia chipsi.

Balaa lilianza pale alipotaka kuirudisha methanoli. Alinikuta napara magamba, akachuchumaa pembeni yangu na uso wa mtu aliyeota ndoto nzuri.

"Mama Zuhura, unajua methanoli haitumiki yote? Nyingine inabaki mle mle kwenye dizeli. Mimi kila siku naiosha na kuimwaga, halafu nakaa kusubiri nyingine itoke Dar. Nikiyapasha mafuta moto, itatoka kama mvuke. Mvuke ukipita kwenye bomba lenye maji baridi nje, unarudi kuwa methanoli."

"Bomba la namna gani?"

"La shaba. Linajiviringisha hivi, ndani ya pipa la maji."

Nikaweka kisu chini. Nani huku kwetu asiyejua bomba la shaba linalojiviringisha ndani ya pipa la maji ni kitu gani?

"Yunus, huo ni mtambo wa gongo."

"Unafanana tu."

Unafanana tu! Kana kwamba watu wa Igoma wangekuja na kipimo cha maabara kabla ya kusema.

Na mimi sikuwa na jina la kuchezea. Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa akikaanga samaki wa Maulidi kwenye msikiti wetu, na alipofariki, Bi Raya, kiongozi wetu wa akina mama, alinikabidhi mimi lile karai kubwa. Kazi hiyo haina ujira. Lakini siku ile moja, msikiti mzima unakula mkono wangu, na wazee wakilamba vidole wanasema, huyu kweli ni mtoto wa yule. Maulidi yalikuwa yanakaribia. Nilimwambia Yunus asubiri yapite. Akasema ni kibomba tu, kitamalizika mapema.

Hakikumalizika. Bomba la kwanza alilikunja mwenyewe, likabonyea katikati na kuziba kabisa. La pili lilivuja kwenye maungio, uani kukanuka spiriti mpaka kichwa kikaniuma. Aliyapasha mafuta kwa hita ya umeme, kwa sababu mvuke ule ukikutana na moto unalipuka, na kila alipoiwasha hita umeme ulikatika. Umeme ukirudi, maji ya bomba hayatoki. Tukachota ndoo kwa jirani kujaza pipa la kupozea. Pipa likichemka majirani wanakuja kuomba maji ya moto ya kuoga, na wakifika wanaangalia, na wakiondoka wanasema.

Ndipo Yunus, katika mafundi wote wa Mwanza nzima, akaenda kumleta Mzee Machibya.

Mzee Machibya ni Msukuma mrefu, mcheshi, na ukitaka kumjua uliza wanywaji. Mitambo ya gongo aliyoitengeneza maishani mwake hata yeye haikumbuki. Alipita mlangoni kwangu mchana kweupe, na bomba la shaba begani.

"Shikamoo, Mzee Machibya," nikasema.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Leo na ninyi mmeamua!"

Nikamfuata Yunus jikoni nikamwambia ananiua. Akasema yule ndiye fundi pekee anayejua kukunja shaba isibonyee. Ni kweli, alijua. Alilijaza mchanga wa ziwani, akaliviringisha kwenye gogo taratibu huku akiimba, likatoka zuri, na uzuri wake ndio ulionitia hasira zaidi. Wakaanza kugombana kuhusu kuziba maungio. Machibya alitaka unga wa muhogo uliokandwa. Yunus alitaka nati. Machibya akasema hajawahi kuona mtambo wa nati. Yunus akamwambia, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba hii si pombe.

"Mzee, hii ni sumu. Inapofusha macho. Inaua."

Machibya akacheka, akanikonyeza. "Sawa, sumu. Ila kazi yangu mimi ina taratibu. Mtambo ukianza kudondosha, fundi ndiye anayeonja kwanza. Fundi asipoonja, mtambo hauwakubali."

"Huu hauonjwi!"

"Sawa, sawa."

Nilimwona hakuamini hata neno moja. Baadaye nilielewa kwa nini. Maisha yake yote, kila mpika gongo aliyemtengenezea mtambo alikuwa akiwaambia wapita njia kwamba ile ni sumu, ni dawa ya kunguni, ni maji ya betri, ili wasiombe kikombe. Kwake yeye mtu akisema sumu, maana yake ni mchoyo.

Bi Raya alikuja siku ya pili yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akalitazama pipa, akalitazama bomba, akavuta harufu.

"Mwanaheri, mimi nimekulea. Nimeambiwa mambo na sijayaamini."

Nikamweleza yote, mafuta, methanoli, mvuke. Hata masikioni mwangu yalisikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa.

"Haya," akasema. "Nimekusikia. Ila kabla ya Maulidi nisisikie tena neno pombe likitajwa pamoja na jina lako. Nikilisikia, karai nalichukua, na mama yako anisamehe."

Usiku huo Yunus alikula ugali bila samaki.

Mtambo ulikubali alasiri ya Ijumaa, Mzee Machibya naye akiwepo. Umeme haukukatika, maji yalitoka, nati zikashika. Nilikuwa nakatakata vitunguu niliposikia Yunus akipiga kelele, "Alhamdulillahi!" Nikachungulia. Kwenye ncha ya bomba lilining'inia tone jeupe, likadondoka kwenye kikombe, likafuata jingine. Nakiri kwamba na mimi nilifurahi, kwa kuwa nilijua sasa kazi imekwisha na pipa litaondoka uani kwangu. Yunus akaingia ndani, kwenye swichi, kupunguza joto la hita. Dakika ile tu.

Niliposikia mtu akikohoa nikageuka. Mzee Machibya alikuwa anajifuta midomo kwa kiganja. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Laini," akasema, amekunja uso. "Mbona haina nguvu?"

Sijui nilipiga kelele gani. Yunus alitoka mbio, akakiona kikombe, akakaa chini kwenye udongo. Kisha akainuka akamkamata mzee mkono, na tukapanda bodaboda mbili kwenda kituo cha afya. Njia nzima Machibya alikuwa akicheka na kuwapungia watu.

Daktari alikuwa dada mdogo, mkali, hana maneno mengi. Alisikiliza, akasema, "Afadhali mmemleta kabla hajaanza kuumwa. Sasa hivi anajiona mzima. Tukimwacha, kesho haoni. Au hayupo." Alikuwa ameshapiga simu gari la wagonjwa lije limpeleke hospitali kubwa, lakini lilikuwa Ilemela na halikujulikana litafika saa ngapi. Dawa yenyewe ya sumu ile hapo hawakuwa nayo. "Kuna kitu kinaizuia wakati tunasubiri. Pombe kali. Iwe ya kiwandani, ina muhuri. Nitampimia mimi mwenyewe. Ikimbilieni."

Machibya alikuwa ameshuka kitandani, anatafuta viatu, anasema ana safari. Yunus na mhudumu walikuwa wamemshika, mmoja kila mkono. Yunus akanitazama.

"Mama Zuhura. Nenda wewe."

Uani kwangu, ambako Igoma nzima iliamini kuna pombe ya kutosha mtaa, hakukuwa na hata tone.

Nilikwenda. Grosari iliyo karibu na kituo ilikuwa imejaa wanaume na mpira kwenye runinga. Nikaingia na ushungi wangu na harufu yangu ya vitunguu, na vichwa vikageuka kutoka kwenye mpira. Nikaomba chupa kubwa ya pombe kali kuliko zote.

"Mama Zuhura!" muuzaji akasema. "Vipi, mtambo umekufa leo?"

Wakaangua kicheko wote. Nilitamani niwapige na viti. "Nipe chupa," nikasema.

"Mfuko sina. Siku hizi si unajua, ya plastiki wamekataza."

Nikaichukua mkononi hivyo hivyo, imesimama, lebo ikiwaka. Nikatoka nikikimbia. Na ng'ambo ya barabara, akitoka duka la unga, alikuwa Bi Raya.

Alikuwa mbele yangu kabisa. Nisingeweza kumkwepa.

"Shikamoo, Bi Raya."

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Hakuitikia. Tangu nizaliwe, hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yangu chini. Maneno yalinijaa mdomoni, yote, tangu mafuta meusi mpaka kikombe kitupu, na kama ningesimama pale ningeyasema vizuri, maana hasira hunipa ufasaha. Nikampita nikakimbia.

Daktari alipompimia Machibya kikombe cha kwanza, mzee alikinywa, akatazama dari, akasema, "Hospitali hii nimechelewa kuijua." Nilitaka kumzaba kofi. Nililia badala yake, na Yunus hakuthubutu kunigusa.

Gari lilikuja, wakaondoka naye. Yunus akafunga kufuli uani, akaandika SUMU kwa rangi nyekundu kwenye pipa, nikamwambia hilo neno halisaidii, achore fuvu. Kisha akaenda mwenyewe kwa Bi Raya kueleza. Alirudi ameinamisha kichwa. Bi Raya alimsikiliza mpaka mwisho, akasema Mungu amjalie mgonjwa afya, na kwamba karai ameshampa mwanamke mwingine, Fadhila, na si adabu kumnyang'anya. Iliniuma. Bado inaniuma, na sitaki kuambiwa nisubiri mwakani.

Siku ya Maulidi nilikaa nyumbani. Kasida zilikuwa zinasikika kutoka kwenye spika za msikiti, na upepo uliniletea harufu ya samaki wa Fadhila, mafuta hayakupata moto wa kutosha. Nilikuwa nimebandika kikaango changu kidogo, sato mmoja, Mzee Machibya alipobisha hodi. Amekonda, fimbo mkononi, nikashtuka nilipoiona ile fimbo, nikadhani ni macho.

"Goti tu, mayu," akasema. "Naomba samaki."

Nikamwekea sahani mbele, nikakaa kumtazama. Hakuuliza habari ya mtambo. Aliinama akaanza kutoa miiba, mmoja mmoja, hata ile myembamba ya tumboni, akiipanga pembeni ya sahani, na hakuukosa hata mmoja.