Amekutwa Hayupo

Mlango wa mbele wa nyumba yetu si mlango. Kitasa chake kilikufa zamani, baba akaona isiwe tabu, akasukumia kabati la vyombo nyuma yake. Tangu hapo tunapita jikoni, kwa nyuma. Muuza maziwa anapita jikoni. Hata mwizi aliyeondoka na pasi yetu alipita jikoni.

Sasa nenda kamweleze hayo mpima dawa za kusisimua misuli.

Mdogo wangu wa kike anakimbia mita elfu kumi. Miaka tisa sasa hana siri na wale watu. Kila siku anajaza kwenye simu atalala wapi, atafanya mazoezi wapi, na ni saa gani lazima akutwe. Alichagua saa kumi na moja mpaka kumi na mbili alfajiri, nyumbani. Ukikosekana mara tatu ndani ya mwaka unafungiwa, hata kama hujawahi kukutwa na dawa. Mara ya kwanza programu yao iligoma kupokea mabadiliko. Mara ya pili alimkimbiza mama hospitali, akasahau kuwaaga. Ya tatu ndiyo hii: mpima, dada mmoja mwenye sanduku la chupa, alibisha saa nzima kwenye mlango wenye kabati, akaandika "Hayupo", akaenda zake. Simu hakupiga. Eti ukimpigia mtu unampa mwanya wa kujificha.

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi za shirikisho la riadha, wao kwenye viti vya kuzunguka, sisi kwenye vya plastiki. Mashindano ya dunia yalibaki wiki saba, na mdogo wangu ana miaka thelathini na nne. Mengine hatayaona. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake.

"Kaka," alinionya kabla hatujaingia, "leo usihutubie."

Nikaanza na mpima. "Ulisikia nini ndani?"

"Redio. Na mtu anacheka."

"Huyo aliyecheka ulidhani nani, redio?"

"Fomu haina sehemu ya kicheko."

"Mbona hukuzunguka nyuma?"

"Ningezunguka, mngesema nawachungulia."

Nikatoa kumbukumbu za saa ya mkononi ya mdogo wangu. Alfajiri ile yote ilikuwamo, dakika kwa dakika: hatua, mapigo ya moyo, na ramani yenye nukta juu ya jiko letu. Mwenyekiti, ambaye ni daktari, akazishika kwa ncha za vidole.

"Hizi zinaonyesha saa ilikuwa nyumbani."

"Na moyo unaopiga?"

"Wa nani? Kwani mama yenu hana moyo?"

Mama yangu, miaka sabini na presha juu, awe na mapigo arobaini na nane kwa dakika, moyo wa mkimbiaji! Kifaa kikimshitaki mdogo wangu ni shahidi. Kikimtetea ni pambo la mkononi.

Na daktari huyu namkumbuka. Enzi zangu za kupokezana vijiti, yeye ndiye aliyepita kambini na kopo la vidonge vyeupe. "Mezeni, vitamini hizo." Tukameza, na hakuna aliyekuja kutubishia hodi. Nikasimama nimkumbushe mbele ya wenzake.

Mdogo wangu akanivuta shati. "Kaa, kaka. Ukimchafua yeye, hasira ataimalizia kwangu."

Nikakaa. Mpaka leo kile kiti kinanichoma.

Wakamfungia mwaka mmoja, kwa kuwa hakueleza ni mlango upi unaotumika. Kweli hakueleza. Nani kwetu angewaza, wakati tunaoujua ni mmoja?

"Na muda wote wa adhabu," katibu akaongeza, "ataendelea kujaza. Atapimwa kama kawaida."

"Yaani hakimbii, ila nyinyi mnaendelea kumkimbiza?"

"Ndiyo kanuni, bwana."

Wiki ya nne mpima akabisha jikoni. Mama ndiye aliyefungua.

"Ee mwanangu, leo umetuona?"

"Shikamoo mama. Mimi ni kazi tu."

"Marahaba. Kazi yako imemkalisha mwanangu hapa. Haya, pita."

Mdogo wangu akanywa maji glasi sita, akajaza chupa mbele ya macho ya yule dada, akatia sahihi.

Majibu yalikuja siku ya fainali ya mita elfu kumi, tukiwa mbele ya televisheni, wanawake aliozoea kuwashinda wakiwa wamebakiza mizunguko minne. Safi, kama vipimo vyake vyote. Aliusoma ujumbe, akaufuta, akafungua programu na kuanza kuandika kesho atakuwa wapi.