Ubao wa Avelina kule Keza

Nakutegea kitendawili hiki, na usiharakishe kunipa mji: nimehama kwa miguu yangu, uso wangu wamebaki nao. Fikiri taratibu. Avelina jibu alilijua, na lilimchosha wiki nzima.

Avelina ni dalali wa mashamba na viwanja hapa Ngara. Alikuwa ofisi ya Faustini, na picha yake ilikuwa kila mahali: kwenye mbao za mashambani, kwenye kalenda, hata mgongoni mwa vizibao vya bodaboda. Sasa amehamia ofisi ya Claudia. Claudia alimpokea kwa sharti: jina la Faustini lifutike kote, na shamba la Bibi Clotilda kule Keza lije naye.

"Shamba hilo ndilo lililonifanya nikuite," alisema. "Lisipokuja, na wewe usije."

Faustini naye akatuma ujumbe: shamba ni la ofisi, ubao usiguswe mpaka mwenye shamba atamke mwenyewe aliyempa aliuze.

Avelina akaanzia kufuta Nyamiaga. Vijana wa bodaboda wakakataa kuvua vizibao.

"Dada Avelina, na baridi hii ya asubuhi, tukivua utatukumbatia wewe?"

"Kwani wamekufukuza?" mwenzake akadakia.

"Nimehama."

"Haya, umehama. Pole."

Ile pole ilimkera kuliko swali.

Akaenda kwenye bucha ya Audax, ambako tangazo lilikuwa limepakwa ukutani. Akafuta jina la Faustini, akafuta na namba ya simu, rangi ikamwishia. Kesho yake Audax akampigia.

"Avelina, umenifanyia nini? Ukutani pamebaki NYUMBA INAUZWA. Tangu nifungue, watu hawaulizi nyama, wanauliza bucha bei gani. Mama mwenye nyumba amekuja analia, anasema namuuzia nyumba kwa siri."

"Kaka Audax, nakuja na rangi."

"Usije. Nimeshaandika mwenyewe kwa mkaa."

Alipopita akasoma. Chini ya NYUMBA INAUZWA palikuwa na NYUMBA HII HAIUZWI, na chini yake, MUONE AVELINA. Akafumba macho, akamwambia dereva wa pikipiki asonge mbele, Keza.

Alimkuta Bibi Clotilda barazani akimenya ndizi. Ubao mpya wa Claudia, alioupakata kwenye pikipiki, ulikuwa umemuumiza Avelina magoti njia nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

"Bibi, nina swali moja tu. Shamba hili ulimpa nani auze, mimi au Faustini?"

"Umekula?"

"Nimekula, bibi. Ulimpa nani?"

"Hujala. Shika kisu umenye hizo."

Avelina akamenya, utomvu ukamganda vidoleni. Akauliza tena. Bibi akamweleza habari za mbuzi aliyeteguka mguu. Akauliza tena. Bibi akasema dalali wa ubaoni ana adabu, anakaa kimya, si kama huyu aliyekuja leo.

"Bibi, nitakosa kazi."

Kisu cha Bibi kikatulia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaelekeza kidevu kwenye ubao mpya. "Hebu nioneshe."

Avelina akaugeuza. Palikuwa na mchoro wa nyumba na jina la Claudia kwa herufi kubwa.

"Na wewe uko wapi?"

"Ofisi hii haiweki sura, bibi. Wanaweka jina la ofisi."

Bibi akainuka polepole, akatembea mpaka kwenye ubao wa zamani pembeni mwa shamba. Vumbi la barabarani lilikuwa limeufunika wote, jina la Faustini halisomeki. Picha ya Avelina tu ndiyo ilikuwa safi, inang'aa. Bibi akatoa ncha ya kitenge, akaipangusa tena shavuni.

"Umeniuliza nilimpa nani," akasema. "Nilimpa huyu ninayemnawisha uso kila siku. Huyo Faustini sijamwona hapa, na huyo mama yako mpya naye simwoni. Mwambie akuweke ubaoni, ndipo uung'oe huu."