Daktari Bado Yupo

Mchora vibao aliteremka ngazi, akafuta brashi yake kwa kitambaa, akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi. Herufi zilikuwa zimenyooka, za buluu juu ya ubao mweupe: DAKTARI BADO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Meno.

"Dada, mimi kazi yangu naijua," alisema. "Lakini una hakika?"

"Hilo ndilo jina letu. La baba, na la babu kabla yake."

"Haya. Mimi nimechora tu."

Daktari alikuwa amezoea. Tangu utotoni jina la ukoo wao lilikuwa mchezo wa kila mtu. Mwalimu akiita "Bado?" darasa zima lilijibu, "Hajafika!" na mwenyewe yupo mbele kabisa, mkono juu. Siku ya mahafali, mtangazaji alipoita kwa sauti nzito "Daktari Bado," mtu nyuma ya ukumbi alipaza sauti, "Kama bado, joho amevaa la nini?" Watu wakavunjika mbavu. Yeye alipanda jukwaani akicheka kuliko wote. Hakuwa mtu wa kulionea haya jina.

Ila sasa alikuwa na kliniki ya vyumba viwili, kiti kipya kinachopanda na kushuka bila mlio, taa nzuri, na mgonjwa hata wa dawa hana. Wiki nzima alikaa nyuma ya pazia akiona watu wanakuja, wanainua macho mlangoni, kisha wanageuka na kwenda zao. Alidhani ni ugeni wake mtaani. Alidhani labda rangi ya mlango inawatisha.

Ijumaa alikuja mama mmoja, shavu limevimba kama ameficha limau mdomoni. Akaketi kwenye benchi la nje, akaguna, akainuka kuondoka. Daktari akatoka mbio.

"Shikamoo mama. Mbona unaondoka?"

"Marahaba mwanangu. Nitarudi baadaye. Daktari bado."

"Daktari ni mimi."

Mama akalitazama koti jeupe, akakitazama kibao, akarudi kwenye koti. "Sasa kama umeshafika, kwa nini umeandika bado?"

Daktari alicheka hadi akashika mlango. Mama naye alitaka kucheka, jino likamkataza. Wakaingia ndani, na mama alipotoka maumivu yalikuwa yamekwisha. "Nitawaambia majirani," aliahidi kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine imelala ganzi. "Lakini hicho kibao, mwanangu, kitakulaza njaa."

Mchora vibao alipoitwa alikuja na jibu mkononi. "Tufute. Tuandike jina lako la kwanza. Au Kliniki ya Tabasamu, watu wanapenda mambo hayo."

"Ngoja kwanza," daktari alisema. Kabla ya kulifuta jina, alitaka kujua ni nini hasa anachokifuta.

Jumapili alimwendea shangazi yake, aliyekuwa sebuleni akishonea vifungo kwenye mashati, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Shangazi, hili jina tulilitoa wapi?"

"Baba yako alikwambiaje?"

"Kwamba babu wa babu alichelewa kuoa. Kila akiulizwa, bado. Baba mdogo yeye anasema mzee alikuwa mvivu, kila kazi kwake ilikuwa bado."

"Huyo anajisema mwenyewe," shangazi alisema, akakata uzi kwa meno. "Sikiliza. Mzee aliugua, akalala kitandani mpaka watu wakakata tamaa. Jirani yao, seremala, akaanza kupita kila asubuhi. 'Vipi, ameshatutoka?' Mkewe anajibu, 'Bado.' Kesho yake tena, na macho yanapima urefu wa kitanda. 'Vipi?' 'Bado.' Mpaka siku moja sauti ikatoka chumbani: 'Bado! Na kesho ukija, bado! Kachonge makabati, si jeneza!' Mzee akainuka akafungua mlango mwenyewe. Seremala aliacha nyundo pale pale. Tangu siku hiyo mtaa mzima wakamwita Bado, na yeye akalipenda."

"Hiyo ndiyo kweli?"

"Mimi sikuwepo. Lakini katika zote tatu, hiyo ndiyo ninayotaka kuzikwa nayo."

Daktari alirudi kwa miguu, neno linamzunguka kinywani. Watu wakilisikia walisikia mtu ambaye hajafika. Mzee alilisema kama mtu asiyekwenda popote. Bado hajafika, bado yupo: neno ni lile lile, linangoja tu kuona litafuatwa na nini. Alisimama katikati ya njia, mwendesha baiskeli akampigia kengele na kumtolea maneno, naye akamwomba radhi huku anacheka.

"Usifute kitu," alimwambia mchora vibao kesho yake. "Ongeza neno moja. Yupo."

Mchora vibao alisoma kimoyomoyo, midomo inacheza. DAKTARI BADO YUPO. Akapiga paja. "Nilete ngazi!"

Benchi la nje likajaa. Tatizo likageuka upande wa pili: jioni, daktari akishafunga na kushika mkoba, watu waligonga na kudai haki yao. "Kibao kinasema bado yupo!" Mara nyingine aliwaambia warudi asubuhi. Mara nyingine aliuweka mkoba chini, akawasha taa.

Jioni moja aligonga dereva wa lori, mabega yanajaza mlango, mwoga wa sindano kupita kiasi. Alilala kitini amefumba macho, mikono imeng'ang'ania kiti kama usukani. Ganzi iliposhika, daktari alilitikisa jino, akalilegeza, akamwacha dereva apumue.

"Tayari?" dereva akauliza.

"Bado."

"Jina lako nalijua, daktari! Nauliza jino!"

Akakisikia mwenyewe alichosema, akaangua kicheko. Mwili wote ukalegea, kinywa kikabaki wazi. Daktari akaingiza koleo, akazungusha mkono mara moja, kwa utulivu. Dereva alipofumbua macho, jino lilikuwa kwenye kisahani.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Uma hiyo pamba, usiongee," daktari alimwambia, akivua glavu. "Na ukitoka, mwambie anayefuata aingie."